Soko la pamoja gani hili, kila tukivuna mpaka unafungwa?

Wakuu, leo niacheni niseme, nimechoka.

Nalima mahindi Kiteto. Walaji wetu wakubwa wako Kenya, hilo kila dalali wa soko la mahindi la Kibaigwa, Dodoma, analijua. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, yaani makubaliano ya bidhaa kuvuka mipaka yetu kwa uhuru, inatumika tangu Julai 2010. Miaka yote hiyo, bado barua moja ya ofisini inatosha kulaza foleni ya malori mpakani Namanga.

Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Tanzania na Uganda, sababu sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka. Siku chache baadaye wakafungua kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, mzigo uwe na cheti kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Sumukuvu si mchezo, na sisi hatuhitaji kufundishwa. Mwaka 2016 ilitufanya tuzike watu, hapa Manyara na jirani zetu Dodoma. Pimeni! Lakini pimeni kule mzigo unakopakiwa, cheti kitoke siku hiyo hiyo. Ukiacha semi lenye tani 30 limefunikwa turubai wiki nzima masika, mahindi yanafukuta, gunia la chini ukilishika lina joto, ukungu unaanza. Yaani ukaguzi wenyewe unazalisha sumu mnayoikagua!

Na msidhani nawasema Wakenya tu. Juni 2017 serikali yetu wenyewe ilizuia mahindi kutoka nje ya nchi, ikatuambia tuuze unga. Mkulima wa jembe la mkono ana kinu? Bei ikaporomoka, watu wakabaki na maghala yamejaa na madeni ya mbolea. Mwaka 2023 tena, vibali vipya vya kusafirisha nje, malori yakakwama mpakani wakati mzigo uko njiani tayari.

Mnunuzi yeye hapati hasara. Anapiga simu, "mzee, mpaka umekaza, nishushie bei," nawe umeshapokea hela ya pembejeo, ada ya watoto inadaiwa, unashusha. Huku ng'ambo mama wa Nairobi analia na bei ya unga. Hela iliyopotea katikati kaila nani?

Mkitaka kubadili masharti, tangazeni Oktoba, kabla hatujatia mbegu ardhini. Si tukishashona magunia.

Mlioko Namanga, Holili na Sirari, kwa sasa wanadai karatasi zipi na zinachukua siku ngapi? Wekeni hapa, watu tujue kabla ya kupakia.