Mita 70 za Ntungamo mnazidai kwenye graniti ya Mubende?

Habari wakuu. Nina hasira, nivumilieni.

Huu ni mwaka wangu wa tisa nachimba visima hapa Uganda. Mwezi uliopita tulikuwa Ntungamo, tukapiga mita 70 kwa siku. Kule chini ni shisti na filaiti, mawe ya matabaka, ukiyagonga yanapasuka yenyewe. Bosi akafurahi, akaifanya mita 70 kuwa kipimo cha kila mahali.

Sasa tupo Mubende. Juu mita 18 za mwamba uliooza, tukaweka keisingi (bomba la kuzuia kuta zisibomoke) vizuri, halafu graniti nzima isiyo na ufa. Jana kutwa tumeshuka mita 26. Simu ikaita: "Mmelala huko?"

Hatukulala! Graniti imejaa kwatzi na felspa, ugumu wa 7 na 6 kwa kipimo cha Mohs kinachoishia 10, chembe zimeng'ang'aniana. Humo hama, yaani nyundo ya kuchimbia, haikati, inaponda kidogo kidogo.

Kinachoniuma hasa ni biti, kile kichwa cha mbele kinachogonga mwamba. Batani zake (vinundu vigumu vya usoni) za pembeni ndizo hulika kwanza, na zikishakuwa bapa kufikia theluthi ya upana wake, inatakiwa zinolewe. Tuliomba mashine ya kunolea, tukajibiwa malizeni shimo kwanza. Biti ikazidi kulika, shimo likazidi kuwa jembamba. Leo tumeshusha biti mpya ili tumalizie, ikakwama mita ya 31, maana ni pana kuliko shimo lenyewe. Nusu siku tunavuta mabomba. Na hela ya biti inakatwa kwenye mishahara yetu, mimi na vijana wawili, mmoja ana mtoto mchanga nyumbani!

Tena miamba migumu haifanani. Amfiboliti ina kwatzi kidogo: unakwenda taratibu lakini biti inadumu. Kwatzaiti inatafuna biti hadi unatamani kulia. Naisi yenye matabaka yaliyoinama huvuta shimo upande, baadaye pampu inagoma kushuka. Vipande vya mwamba tunavipanga chini kila mita, vinaonekana wazi kabisa, hakuna hata mmoja wa ofisini anayeshuka kwenye gari kuvitazama.

Nyie mnaolipwa kwa aina ya mwamba, si kwa mita tupu, mikataba yenu imeandikwaje? Nisaidieni kabla ya Jumatatu, nina kikao. Ile hela ya biti lazima waturudishie.