Naomba ushauri: kuongeza mofini kwenye ganzi ya mgongo kwa mama wa upasuaji

Habari zenu wakuu. Natoa dawa za usingizi hospitali ya wilaya. Akina mama wa upasuaji wa kujifungua nawachoma ganzi ya mgongo, bupivakaini nzito peke yake. Mezani mambo huenda vizuri, shida ni ganzi ikishaisha. Juzi usiku nilipita wodini nikamkuta mama kashika chuma cha kitanda, mtoto analia pembeni, hawezi kujigeuza amnyonyeshe. Panado na diklofenaki alishapewa. Iliniuma sana.

Fentanili (dawa kali ya maumivu, jamii ya mofini) mikrogramu 10 hadi 15 ikichanganywa kwenye ganzi inasaidia wakati wa upasuaji, ila usiku haifiki. Mofini mikrogramu 100 ndiyo inayoweza kumvusha mpaka kesho yake. Lakini ampuli tulizonazo ni miligramu 10 kwa mililita 1, maana yake dozi nzima ni sehemu moja ya mia ya mililita! Ukikosea kuchanganya hatua moja tu, umempa mara kumi. Tena lazima iwe isiyo na kihifadhi. Na inaweza kupunguza upumuaji saa nyingi baadaye, wakati wodi nzima ina muuguzi mmoja. Kuwashwa na kutapika tutavitibu, pumzi ndiyo inayoninyima amani.

Mnaoitumia, mnaichanganyaje, na nani anahakiki pamoja nanyi? Mnahesabu pumzi kila baada ya muda gani? Naloksoni, dawa ya kuzima nguvu ya mofini, inakaa wodini au tieta? Au kwa hali yetu niiache kwanza, nimwombe daktari apige ganzi kwenye kidonda anaposhona?