Nikigusa feda ya kontrola, sauti ya solo inaruka. Nifanyeje?

kinanda_mwanza: Wakuu, salaam. Narekodi kwaya yetu chumbani kwangu hapa Mwanza, treki 14, kwenye REAPER, programu ya kurekodi. Nimechoka kuchora mistari ya volyumu kwa kipanya, neno baada ya neno, nikanunua Korg nanoKONTROL2, kontrola ndogo yenye feda, yaani vitelezi vya kupandisha na kushusha volyumu kwa kidole. Imekubali kuungana. Shida ni kwamba wimbo ukiwa unaenda, nikigusa feda tu, sauti ya dada anayeongoza inapasua masikio au inazama. Nikitumia "Touch", moja ya namna za REAPER za kuandika mwendo wa feda, nikitulia kidogo mstari unarudi ulikokuwa. Nimeuziwa kibovu?

fundi_wa_mvita: Hapana, mdogo wangu, kifaa ni kizima. Feda zake hazina mota ya kuzisogeza zenyewe zifuate volyumu ya kompyuta. Kwenye kompyuta volyumu iko juu, kumbe feda uliiacha chini. Ukiisogeza, inatuma pale ilipo na sauti inaifuata. Rudi kwenye dirisha ulilounganishia feda na treki, uweke tiki kwenye "soft takeover". Hapo feda haitashika kitu mpaka ipite pale volyumu ilipo.

Hiyo ya pili, ya "Touch", ni kwa sababu feda haihisi kidole. Ukitulia, programu inadhani umeachia. Tumia "Latch": inabaki pale ulipoiacha mpaka usimamishe wimbo. "Write" iache kabisa, inafuta kila inapopita hata kama hujagusa kitu.

Halafu usishike feda nane kwa pamoja. Mimi nachanganya taarab, na kila mara naanza na mwimbaji peke yake, wimbo mzima, skrini nimeizima. Nikimaliza, narudi mwanzo na fidla. Mwimbaji akifunga ubeti fidla inajibu, naipandisha kidogo; akivuta pumzi kurudi, naishusha kabla hajafungua kinywa. Kwa kipanya sijawahi kuipata ile pumzi. Mkono unaisikia.

bitimaker254: Naongezea. Feda za hiyo Korg zinatuma ngazi 128 tu, 0 hadi 127, kwa hiyo ukisukuma polepole sana kwenye sauti tupu unaweza kusikia vingazi. Na ukimaliza punguza nukta nyingi ambazo feda imeziacha kwenye mstari wa volyumu, REAPER ina "Reduce number of points". Siku ukipata hela tafuta yenye feda moja ya mota inayohisi kidole, kama FaderPort. Moja inatosha.

kinanda_mwanza: Asanteni sana. Jana usiku nimepitisha feda mara tatu kwenye sauti ya dada, ya tatu ndiyo nimeiacha. Neno la mwisho la kila mstari wa wimbo lilikuwa linamezwa na besi, sasa linasikika lote. Ila kompresa, ile plagini ya kubana sauti inapopanda, bado inambana akipaza kwenye kiitikio, hata nikimshusha kwa feda.

fundi_wa_mvita: Kwa sababu feda ya treki iko baada ya plagini. Kompresa imeshambana kabla mkono wako haujafika. Fungua mstari wa "Volume (Pre-FX)", volyumu ya kabla ya plagini, kwenye treki yake, mshushe pale anapopaza tu. Hapo kipanya kinatosha, ni sehemu chache. Kisha punguza kazi ya kompresa, halafu urudie "Latch" upya, maana ule mzunguko wa jana uliufanya ukisikiliza sauti iliyobanwa.