MJADALA: Hempu na bangi ni vitu viwili, au tunadanganyana?

Mwanzilishi, Kisumu
Heshima kwenu wote. Jumapili shemeji yangu wa Muhoroni alitangaza mezani kwamba miwa imemchosha, akipata mbegu za hempu atapanda ekari mbili. Baba mkwe akaweka kikombe chini: "Hiyo ni bangi iliyovaa tai." Chai ikapoa.

Mzee hajakosea sana. Mmea ni mmoja, Cannabis sativa. Tofauti ni kiasi cha THC, kemikali inayolewesha. Marekani, kwa sheria yao ya kilimo ya 2018, ikiwa THC haizidi asilimia 0.3 ya uzito mkavu, hiyo ni hempu. Ikizidi kidogo tu, ni bangi. Mpaka huo umechorwa na watunga sheria, na hauonekani ila kwa maabara.

Kwa hiyo, Kenya iruhusu hempu na kuacha bangi ilivyo? Mimi nasema bado, hadi mkulima awe na mahali pa kupimia karibu. Nipingeni.

Mkulima wa Njoro
Nakupinga. Hempu ya nyuzi hupandwa ikibanana, inapanda juu nyembamba bila matawi. Bangi hupewa nafasi itanuke, na mimea dume hung'olewa mapema ili jike zisizae mbegu. Afisa wa kilimo anajua shamba la nini akiwa bado barabarani. Hata mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 unasema haugusi kilimo cha mmea huu kwa ajili ya nyuzi au mbegu pekee. Malawi na Zimbabwe wamesharuhusu, sisi tunaogopa kivuli.

Mwanzilishi
Ndugu, hapo umesema nyuzi tu. Hempu ya CBD, ile ya mafuta ya dawa, inatakiwa maua, basi nayo hupewa nafasi na dume zake hung'olewa vilevile. Hapo afisa wako ataona nini? Na zao likishakauka na kutiwa guniani, harufu ni ileile. Askari wa kizuizini hana mashine, ana pua.

Tena THC hupanda kadiri maua yanavyokomaa. Huko Marekani mkulima hununua mbegu halali, anachelewa kuvuna, kipimo kinavuka 0.3, na zao linaweza kuharibiwa. Hapa kwetu sheria ya dawa za kulevya ya 1994 inaweza kumfunga mlimaji hadi miaka 20. Mtu wa ekari mbili ataubeba vipi mzigo huo?

Mama Mitoo, Kibuye
Nyie mnapigana na jina. Mboga ya mitoo ninayouza hapa sokoni ina binamu huko India, Waingereza wanamwita hempu na anatengenezewa kamba, na wala hana undugu na bangi. Na sisi tukiiita hempu katani, wengi hufikiria mkonge. Siku mkipitisha hiyo sheria, tafuteni jina ambalo askari hatalichanganya, la sivyo mtanikamatia mboga 😂

Boda wa Kondele
Si Wajackoyah, yule mgombea urais, alituambia 2022 bangi italipa deni la taifa? Kura zake hazikufika hata asilimia moja. Wananchi walishajibu.

Mkulima wa Njoro
Yeye aliuza bangi, omera, hatuzungumzii hiyo. Mwanzilishi, kuhusu kipimo nakubali. Lakini ukingoja maabara kwanza, nani ataijenga wakati hakuna zao la kupima? Ruhusuni nyuzi na mbegu kwanza, maua yangoje.

Mwanzilishi
Nyuzi na mbegu pekee, hapo naweza kulegea. Ila uniambie kiwanda cha kuchambua hizo nyuzi kiko wapi. Mabua lazima yaozeshwe kidogo kwa maji au umande ndipo nyuzi ziachie, halafu yapondwe, na si kazi ya jembe. Pamba tulilima, viwanda vikafa, tukabaki na magunia.

Shemeji mwenyewe, Muhoroni
Nimeonyeshwa huu mjadala. Mbegu sijapata. Lakini miwa niliyopeleka mwaka jana sijalipwa mpaka leo, kwa hiyo msiniambie habari ya kuogopa hasara. Na mwambieni mzee chai aliimaliza.