Resi inapanda na kushuka yenyewe gari ikiwa sailensa

MgeniBarabarani: Wakuu habari. Gari yangu ikiwa sailensa (inanguruma imesimama, sijakanyaga mafuta) resi inapanda na kushuka yenyewe, nikiwa mwendoni haina neno. Taa ya injini imewaka, mashine imesoma kodi ya hitilafu P0171. Plagi mpya, airkilina mpya, sasa fundi anataka ninunue sensa ya oksijeni. Nimpe hela?

Kibajuni: Safisha sensa ya hewa kwanza mkuu.

SpanaKumi: Usinunue kitu. P0171 ni kwamba hewa imezidi mafuta, na sensa ya oksijeni ndiyo iliyoleta taarifa. Mjumbe hauawi.

Kusumbua sailensa tu kunanuka hewa ya wizi, inayoingia bila kupita kwenye sensa. Mwambie fundi afungue asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza. Ikisoma kama +20 sailensa, halafu mkishika resi 2500 (mizunguko ya injini kwa dakika) ikarudi karibu na sifuri, kuna mpira unavuta hewa. Ikizidi kupanda kadiri unavyokanyaga, basi Kibajuni yuko sahihi.

Kuutafuta: zima feni na redio, sikiliza mfyonzo. Bana mipira mmoja mmoja kwa koleo lililozungushiwa kitambaa, uone upi ukibanwa resi inatulia. Anza na ule mnene wa haidrovaki (kile kinacholainisha breki), hasa kama breki imekuwa ngumu. Kisha wa PCV (unaorudisha mvuke wa oili kwenye injini), ila huo ukibanwa resi hushuka kidogo hata kwenye injini nzima, usidanganyike. Upapase kwa kidole upande wa chini wa kona. Mvuke wa oili huulainisha hapo mpaka unachanika, na kwa juu unaonekana mpya. Wengine hupuliza spreyi ya kabureta juu ya injini inayonguruma. Inafichua, lakini inashika moto, mimi siitaki. Fundi mwenye mashine ya moshi anamaliza kazi mapema zaidi.

MgeniBarabarani: Sailensa +24, kwenye 2500 ni +4. Mpira wa PCV chini ya kona kidole kinazama! Nizungushie solotepu?

SpanaKumi: Solotepu na oili ya moto haziivi chungu kimoja. Weka mpira wa kustahimili oili. Wa maji ya rejeta utavimba. Itikise na valvu ya PCV, isipogonga ndani ibadilishe. Futa ile P0171 kwenye kompyuta, endesha, kisha pima tena asilimia ya mafuta. Ikibaki juu ya +10 sailensa, nenda kwenye gasketi ya manifodi (bomba linalogawa hewa kwenye injini), na uikague asubuhi injini ikiwa ya baridi, maana ikipata joto hutanuka ikajiziba.