Vifuko vya tegu wa mbwa kwenye pafu na moyo: kwa nini sindano haitoshi?

Kaka wa Lodwar:
Ndugu zangu, nawasalimu. Mdogo wangu wa miaka 19, aliyekulia kwenye malisho ya Turkana pamoja na mbwa wetu, amekutwa na kifuko kikubwa cha tegu (uvimbe wenye maji, unaotokana na mnyoo wa mbwa) kwenye pafu la kulia na kingine kidogo kwenye ukuta wa ventrikali (chumba cha chini) ya kushoto ya moyo. Shangazi yetu alikuwa nacho kwenye ini, wakavuta maji kwa sindano, wakaingiza dawa, akapona. Kwa nini kijana apasuliwe kifua, na kwa nini vidonge vya albendazole, dawa ya minyoo, vimeahirishwa mpaka baada ya upasuaji?

Muuguzi wa chumba cha upasuaji:
Pole sana, ndugu yangu. Ini ni nyama nzito, na sindano ikipitia humo, maji yanayovuja huzuiliwa kwa kiasi. Pafu limejaa hewa. Tundu dogo laweza kuyamwaga maji hayo kwenye njia za hewa au kwenye uwazi wa kifua, mgonjwa akapatwa na mzio mkali unaoshusha shinikizo la damu ghafla, na vichwa vya minyoo vikaota upya mahali vilipoangukia. Albendazole nayo hudhoofisha utando wa kifuko, kwa hiyo kikubwa cha pafuni chaweza kupasuka kabla ya siku ya upasuaji. Daktari wenu ameamua vyema. Atazungushia vitambaa vilivyolowekwa maji ya chumvi kali, atoe kifuko, azibe kwa nyuzi matundu ya hewa, kisha ashone shimo lililobaki. Pafu lenyewe huhifadhiwa, isipokuwa limeharibika mno.

Kaka wa Lodwar:
Ahsante, dada. Mama anaogopa zaidi habari ya moyo, kwa kuwa kijana hasikii maumivu yoyote hapo.

Daktari wa upasuaji wa kifua:
Hofu ya mama ni ya haki, lakini kutosikia maumivu kusiwapumbaze. Moyo haupumziki, na kifuko kilicho upande wa kushoto kikipasukia ndani, vipande vyake husafiri na damu hadi kwenye ubongo au miguu. Ndiyo sababu tunatumia mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, tunabana aota (mshipa mkuu unaotoa damu moyoni) na kuusimamisha moyo kabla hatujaushikashika, ndipo tunavuta maji, tunasafisha kwa chumvi na kuondoa utando wote. Mara nyingine vifuko vyote viwili hufikiwa siku hiyo hiyo kupitia mfupa wa kidari. Visipofikika pamoja, mimi huanza na moyo. Baadaye atameza albendazole kwa miezi kadhaa, kwa kawaida miligramu 400 mara mbili kwa siku kwa mtu mzima, huku damu na ini vikipimwa. Tafadhali hakikisheni pia kwamba ini lake limepimwa kwa ultrasaundi, maana ndilo linaloshambuliwa zaidi.

Kaka wa Lodwar:
Ini lilipimwa, ni safi. Nimemsomea mama maneno yenu yote naye amekubali. Mbwa wa nyumbani tutawapa prazikwanteli, dawa ya tegu, na viungo vya ndani vya mbuzi waliochinjwa tutavifukia, mbwa wasivile.