Naomba ushauri: fiziotherapia kwa mzee aliye katika tiba shufaa

Mleta mada (Masindi): Habari zenu wanajukwaa. Baba yangu, mwenye umri wa miaka 71, ana saratani ya tezi dume iliyokwisha kuingia mifupani, na sasa yuko katika tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, si ya kumponya. Morfini ya maji, ambayo anapewa bila malipo, imetuliza maumivu, lakini hashuki kitandani. Muuguzi anayemtembelea ameshauri aonwe na mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi), ilhali shangazi zangu wanasema ni kumtesa mzee ambaye hatapona. Yeye mwenyewe anataka jambo moja tu: kufika barazani jioni aongee na wenzake. Nimsikilize nani?

Mchangiaji wa kwanza (muuguzi, Kampala): Pole kwa kuuguza. Nadhani shangazi zako wanaifikiria fiziotherapia ya aliyevunjika mguu, ambayo humrudisha mtu alivyokuwa. Katika tiba shufaa lengo hulitaja mgonjwa, na baba ameshalitaja. Mtaalamu atampima kama anaweza kusimama, atamchagulia mkongojo unaomfaa, na atawafundisha ninyi kumnyanyua bila kumvuta makwapani, kosa ambalo nimeliona karibu katika kila nyumba. Msianze zoezi lolote kabla hajapimwa, kwa kuwa mfupa uliolika na saratani huweza kuvunjika kwa msukumo mdogo. Miguu ikilegea ghafla au kufa ganzi, au akishindwa kuzuia mkojo, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, kwani huenda uti wa mgongo unabanwa. Mkikosa mtaalamu hapo, ulizeni tawi la Hoima la Hospice Africa Uganda, shirika la tiba shufaa. Shirika hilo linafanya kazi hii nchini tangu 1993.

Mchangiaji wa pili (Mbarara): Mama yangu alikuwa na saratani ya matiti iliyofika mapafuni, na daktari mmoja alituambia hakuna la kufanya tena. Mtaalamu wa viungo alimfundisha kuketi akiegemea mto juu ya meza na kutoa pumzi polepole kwa midomo iliyobanwa, kama anayepuliza chai. Hofu ya kukosa pumzi ilipungua sana. Tulijifunza pia kumgeuza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia.

Mleta mada: Ahsanteni. Muuguzi ameahidi kuja na mtaalamu Alhamisi. Shangazi mkubwa bado ananung'unika, ila leo ameniuliza ni hatua ngapi kutoka kitandani hadi barazani. Nimezihesabu: 14. Amesema tuweke kiti katikati ya njia.